Baiskeli ya Moopanar: miaka sita ya chama kilichojitenga na Congress

Mwaka 2015 nilikaa Chennai wiki saba nikimuuguza baba yangu, aliyekuwa amepelekwa huko kufanyiwa upasuaji wa moyo kama walivyopelekwa Watanzania wengi kabla yake. Tulipanga chumba katika nyumba ndogo ya wageni karibu na Greams Road, mtaa ambao wenyeji wake wamekwisha kuwazoea wagonjwa wa nchi za mbali na jamaa zao wanaowauguza. Mwenye nyumba alikuwa karani mstaafu wa reli, mzee wa miaka sabini na ushei, aliyeniita thambi, yaani mdogo wangu, nami nikamwita ayya, kama nilivyowasikia vijana wa pale wakiwaita wazee. Juu ya meza yake ilitundikwa picha ya mtu mzima, mweusi, aliyevaa shati jeupe na shuka nyeupe ya kiunoni waiitayo veshti, na chini ya picha palichorwa baiskeli. Picha hiyo ilivikwa shada la asumini. Nilidhani ni marehemu wa familia, nikampa pole. Mzee akanijibu kwamba huyo hakuwa ndugu yake wa damu, ila ni kiongozi wa chama pekee alichowahi kukichukulia kadi maishani mwake, na kwamba chama hicho kiliishi miaka sita tu.

Chama chenyewe kiliitwa Tamil Maanila Congress, na neno maanila maana yake ni jimbo. Mtu wa pichani alikuwa G. K. Moopanar. Kila jioni, saa za kuwatazama wagonjwa zilipokwisha, mzee alinisimulia kidogo kidogo, na tangu nirejee nyumbani nimesoma kila ninachokipata juu ya watu hao. Naamini habari zao zinastahili kuelezwa kwa Kiswahili kwa urefu, kwa kuwa ni habari za watu waliofanya jambo la haki kwa wakati wake, wakapewa imani na mamilioni ya wapigakura, kisha wakashindwa kulilinda.

Ghadhabu iliyokizaa chama hicho ilikuwa imekusanyika kwa miaka mingi. Congress, chama kilichoongoza harakati za uhuru wa India, ilitawala jimbo la Tamil Nadu, ambalo Chennai ndiyo mji wake mkuu, tangu uhuru hadi 1967, na katika kipindi hicho jina kubwa kuliko yote lilikuwa la K. Kamaraj, Waziri Kiongozi kuanzia 1954 hadi 1963, mtu aliyeacha shule akiwa mtoto na ambaye hadi leo hukumbukwa kwa kufungua shule vijijini na kuwapa wanafunzi chakula cha mchana ili njaa isiwatoe darasani. Mwaka 1967 chama cha DMK, kilichosimamia fahari ya lugha ya Kitamil na kuupinga ukuu wa tabaka la Mabrahmini, kiliiangusha Congress, na Kamaraj mwenyewe akabwagwa katika mji wake wa Virudhunagar na kijana aliyetoka katika harakati za wanafunzi. Mwaka 1972 mwigizaji mashuhuri M. G. Ramachandran alifukuzwa DMK akaanzisha chama chake, AIADMK, na tangu hapo vyama hivyo viwili vikawa vikigombea jimbo baina yao. Congress ilibaki na takriban kura moja katika kila tano. Kura hizo hazikutosha kumpeleka mtu ikulu ya jimbo, lakini zilitosha kuamua nani apelekwe, na kwa hiyo zikawa bidhaa.

Wanunuzi na wauzaji wa bidhaa hiyo walikuwa Delhi. Wakati wa Ramachandran ulizoeleka mgawanyo ambao mshirika wa jimboni alichukua sehemu kubwa ya viti vya bunge la jimbo, na Congress ikachukua sehemu kubwa ya viti vya Lok Sabha, bunge la shirikisho. Kwa viongozi wa Delhi mgawanyo huo ulikuwa na faida tele, maana waziri mkuu huhesabu viti vya Delhi. Kwa mwanachama wa kawaida wa Congress kule Madurai au Tirunelveli, maana yake ilikuwa kubandika mabango ya chama kingine, uchaguzi baada ya uchaguzi, bila tumaini la kuiona serikali ya chama chake mwenyewe. Mara moja tu, mwaka 1989, Congress ilisimama peke yake chini ya uongozi wa Moopanar huyu huyu, na ahadi yake ilikuwa kuurudisha utawala wa namna ya Kamaraj. Ilipata viti 26 kati ya 234, kwa asilimia 20 hivi ya kura. Wengi waliona ni kushindwa. Mzee wangu aliona kwamba ndiyo mara ya kwanza katika utu uzima wake kupigia kura kile alichokitaka.

Moopanar alizaliwa 1931 Kabisthalam, katika bonde la mto Kaveri upande wa Thanjavur, kwenye ukoo wa wenye mashamba makubwa ya mpunga. Alikuwa mfuasi wa Kamaraj na mfadhili wa muziki wa jadi, mmoja wa waliolisimamia tamasha la kila mwaka la Thiruvaiyaru. Hakuwa msemaji wa kuwasha umati moto, na hilo katika jimbo lililotawaliwa na waandishi wa filamu na waigizaji ni upungufu mkubwa. Alifanya kazi ya katibu mkuu wa chama Delhi kwa miaka mingi, na hakuwahi kushika uwaziri wowote, wa jimbo wala wa shirikisho.

Uchaguzi wa 1991 ulifanyika Rajiv Gandhi, kiongozi wa Congress na waziri mkuu wa zamani, akiwa ameuawa kwa bomu huko Sriperumbudur, mwendo mfupi tu kutoka Chennai, tarehe 21 Mei. Kwa huzuni ile, muungano wa AIADMK na Congress ulizoa viti vyote 39 vya Lok Sabha vya jimbo hilo, na J. Jayalalithaa, kiongozi wa AIADMK, akawa Waziri Kiongozi. Miaka mitano iliyofuata ilijaa tuhuma za ufisadi na maonyesho ya anasa, na kilele chake kilikuwa harusi ya Septemba 1995 aliyomfanyia kijana aliyemlea, ambayo ukubwa wake uliwachukiza hata waliompenda. Kufikia mwanzoni mwa 1996 kila mwanachama wa Congress wa Tamil Nadu alijua kwamba kushikamana naye ni kuzama naye. Wakamwomba waziri mkuu, P. V. Narasimha Rao, avunje uhusiano huo, na walio wengi wakataka chama kishirikiane na DMK. Rao akasikiliza, kisha akatangaza kwamba ushirika na Jayalalithaa utaendelea.

Hapo ndipo Moopanar alipotoka, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya kura, akifuatwa na sehemu kubwa ya viongozi na wanachama wa jimbo zima, akiwemo P. Chidambaram, mwanasheria aliyekwisha kuwa waziri katika serikali ya Rao. Nasisitiza muda huo mfupi kwa sababu watu huusahau. Chama hakikuwa na ofisi wala alama. Nchini India alama ni jambo la uhai, kwa kuwa mamilioni ya wapigakura huitafuta picha kwenye karatasi kabla ya jina: mkono ni Congress, jua linalochomoza ni DMK, majani mawili ni AIADMK. Chama kipya kilipewa baiskeli. Mwigizaji Rajinikanth, aliyekuwa na wafuasi kuliko mwanasiasa yeyote wa jimbo, aliuunga mkono waziwazi ushirika wa Moopanar na DMK, na kwa bahati njema katika filamu yake moja ya 1992 alikuwa amecheza muuza maziwa anayeendesha baiskeli. Mabango yaliyokuwa yakihitajika yalikuwa tayari vichwani mwa watu.

Matokeo yalipita matarajio ya kila mtu. Tamil Maanila Congress ilisimamisha wagombea 20 wa Lok Sabha, wakashinda wote 20. Katika bunge la jimbo ilisimamisha 40, wakashinda 39. DMK ilipata viti 173, AIADMK ikabaki na 4, na Jayalalithaa mwenyewe akaangushwa katika jimbo lake la uchaguzi la Bargur. Congress ya Rao haikupata hata kiti kimoja cha Tamil Nadu, si cha Delhi wala cha Chennai. Mzee aliniambia kwamba usiku ule alitembea kwa miguu kutoka stesheni ya Egmore hadi kwake, kwa kuwa barabara zilijaa baiskeli, na watu ambao hawakuwahi kujuana walikuwa wakipakiana.

Ninaposoma takwimu hizo huwa nasimama hapo, maana naamini chama kilianza kufa katika wiki zile zile za furaha. Kwa viti 39 kilikuwa cha pili kwa ukubwa katika bunge la jimbo, na kwa hiyo kilichukua kiti rasmi cha upinzani, ilhali kilikuwa mshirika wa serikali iliyokuwa madarakani. Kwa miaka mitano kiongozi wa upinzani alitoka katika chama ambacho ushindi wake ulitokana na ushirika na Waziri Kiongozi, M. Karunanidhi wa DMK. Moopanar angeweza kudai nafasi katika serikali ya jimbo, wanachama wake wakajifunza kutawala na wananchi wakawajua kwa kazi. Angeweza pia kuwa mpinzani kweli, mwenye adabu lakini mkali, akiutayarisha mwaka 2001. Hakufanya la kwanza wala la pili. Nguvu na watu hodari wa chama vilielekezwa Delhi, kule kule ambako chama kilikuwa kimelalamika kwamba ndiko mambo ya Watamil yanakoamuliwa.

Ni kweli kwamba Delhi ilikuwa na kivutio kikubwa. Hakuna chama kilichopata wingi wa kutosha, A. B. Vajpayee alitawala siku 13 tu, kisha vyama vya majimbo na vya mrengo wa kushoto vikaungana na kumfanya H. D. Deve Gowda waziri mkuu, tarehe 1 Juni 1996. Chidambaram akawa waziri wa fedha, na bajeti yake ya Februari 1997, iliyoshusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya watu binafsi kutoka asilimia 40 hadi 30, ilishangiliwa sana na wafanyabiashara. Lakini serikali hiyo ilisimama kwa hisani ya wabunge wa Congress walioiunga mkono kutoka nje. Watu waliotoka Congress kwa uchungu wa kuamuliwa mambo na makao makuu yake walikuwa sasa mawaziri kwa idhini ya makao makuu yale yale. Mwishoni mwa Machi 1997 idhini hiyo ikaondolewa, na Aprili Deve Gowda akaanguka. Jina la Moopanar likatajwa miongoni mwa waliofikiriwa kumrithi, lakini uwaziri mkuu ukaenda kwa I. K. Gujral. Chama kikasusa kuingia serikalini kwa siku kumi hivi, kisha kikarudi.

Novemba mwaka huo Congress iliitaka serikali iwafukuze mawaziri wa DMK, kwa sababu ya ripoti ya awali ya tume ya Jaji Jain kuhusu mauaji ya Rajiv Gandhi, iliyokinyoshea chama hicho kidole. Gujral alikataa, na serikali ikaanguka. Hebu tufikirie hali ya wafuasi wa Moopanar hapo. Wengi wao walimpenda Rajiv kwa dhati na walikuwa na picha zake majumbani, na sasa walitakiwa kusimama kando ya washirika walioshutumiwa kwa jambo linalohusu kifo chake. Walisimama. Chama hakikuikimbia DMK, na kwa hilo nawaheshimu. Lakini moyo ulikwisha kupungua. Tarehe 14 Februari 1998, siku chache kabla ya kura, mabomu yalilipuka Coimbatore na kuua watu 58. Hasira ya jimbo ikaigeukia serikali ya DMK, Jayalalithaa akarudi kwa kishindo, na baiskeli ikapata viti 3 kutoka 20.

Mwaka uliofuata uliniuma zaidi kuusoma kuliko mwingine wowote, kwa sababu ndani yake mna kitendo kizuri kuliko vyote vya chama hicho, na ndicho kilichoadhibiwa. Aprili 1999 Jayalalithaa aliiacha serikali ya Vajpayee, ikaanguka kwa kura 270 dhidi ya 269. DMK ikaamua kushikamana na BJP, chama cha Vajpayee. Moopanar hakukubali kukaa na chama alichoona kinawagawa Wahindi kwa dini, na upande wa pili palikuwa na Jayalalithaa akiwa na Congress. Akaunda kambi ya tatu, na miongoni mwa waliomfuata walikuwamo vyama vya Dalit, watu ambao jamii ya Kihindu imewaweka chini ya matabaka yote kwa karne nyingi. Thol. Thirumavalavan wa Viduthalai Chiruthaigal, ambaye wafuasi wake hadi hapo walikuwa wakisusia kura, aligombea mara ya kwanza katika jimbo la uchaguzi la Chidambaram kwa alama ya baiskeli. Mtoto wa wenye mashamba ya bonde la Kaveri, ambako vibarua wa mashambani wengi wao ni Dalit, akaipokea mikono ya watoto wa vibarua hao na kuipa alama ya chama chake. Dalit wa jimbo hilo la Chidambaram walishambuliwa kwa sababu ya kura hiyo, na nyumba zao zikachomwa. Chama hakikupata kiti hata kimoja.

Naamini kama Moopanar angebaki pale, kwenye kambi ile iliyoshindwa, akaitunza kwa miaka mitatu au minne, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Nina sababu. Mamata Banerjee alitoka Congress wakati huo huo, akaanzisha Trinamool Congress tarehe 1 Januari 1998, kwa manung'uniko yanayofanana: kwamba chama mama hakikuwa tayari kupambana kwa dhati na watawala wa West Bengal. Alishindwa mara kadhaa, akawaandama Wakomunisti mwaka baada ya mwaka, na 2011 akawaondoa baada ya miaka 34 ya utawala wao. Ramachandran kabla yake alikwenda moja kwa moja kugombea nyumba nzima ya DMK. Waliodumu walikuwa na mtu wa kumng'oa na kiti cha kukalia. Tamil Maanila Congress ilizaliwa kutokana na swali moja, nani awe mshirika wetu, na ikaendelea kujiuliza swali hilo hilo kila uchaguzi. Inafanana zaidi na Bangla Congress ya Ajoy Mukherjee, iliyotoka Congress mwaka 1966, ikatoa Waziri Kiongozi mwaka uliofuata kwa kushirikiana na vyama vingine, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya sabini ikawa imerudi ilikotoka.

Mwaka 2001 jibu la swali hilo lilikuwa Jayalalithaa. Moopanar, aliyevunja chama cha maisha yake ili asisimame naye jukwaani, alisimama naye jukwaani. Sababu zilizotolewa zilikuwa za hesabu: DMK ilikuwa na BJP, peke yao wangepotea, wagombea walitaka kushinda. Chama kilipewa viti 32 kikashinda 23, ushindi ambao kwa takwimu ni mzuri. Chidambaram alikataa, akajitenga na waliojitenga, akaanzisha kikundi chake mwenyewe. Kwa maoni yangu Chidambaram alikuwa sahihi siku hiyo. Hata hivyo siwezi kumhukumu Moopanar kwa ukali ambao wengine wamemhukumu nao, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, na nyuma yake walikuwapo maelfu ya watu waliopoteza vyeo na matumaini kwa kumfuata, ambao hawakuwa na mashamba ya mpunga ya kurudia. Mzee wangu hakuwa na upole huo. Aliniambia kwamba siku ya kura alifika hadi kwenye foleni ya kituo, akayaona majani mawili na baiskeli yamechorwa kwenye ukuta mmoja, akageuka akarudi kwake.

Moopanar alifariki Chennai tarehe 30 Agosti 2001, akiwa na umri wa miaka 70. Uongozi ukachukuliwa na mwanawe, G. K. Vasan, na Agosti 2002 chama kikarudi rasmi ndani ya Congress, ambayo sasa iliongozwa na Sonia Gandhi, mjane wa Rajiv. Mwaka uliofuata katiba ya India ilirekebishwa, na kifungu kilichokuwa kikiwalinda wabunge wanaojitenga na chama chao wasipoteze viti, wakifikia theluthi moja ya wabunge wake, kikafutwa. Vasan alikifufua chama Novemba 2014 na akaingia baraza la juu la bunge mwaka 2020 kwa kura za wajumbe wa AIADMK. Nilipokuwa kwake, mzee alikuwa amealikwa kuchukua tena kadi katika chama kilichofufuliwa, na alikuwa hajajibu.

Jioni moja, baba akiwa amekwisha kuruhusiwa na tukisubiri tarehe ya ndege, nilimwuliza mzee aliivika lini picha ile shada kwa mara ya kwanza, nikitarajia atasema siku ya msiba. Akasema ni Mei 2004. Katika uchaguzi ule Congress iliachana na Jayalalithaa ikashirikiana na DMK na wengine, nao wakachukua viti vyote 39 vya Tamil Nadu. Chidambaram akarudi Wizara ya Fedha. Ulikuwa ndio muungano walioomba Delhi mwaka 1996. Mzee alisikiliza matokeo kwenye redio hadi mwisho, kisha akashuka mtaani kwa mwanamke anayefuma asumini karibu na hekalu, akanunua dhiraa mbili.